Bibi Endelea na Ukurasa wa Printa

Hebu niambie wewe unayesikiliza: mtu akiwekewa swali ambalo jibu lake analijua kabisa, kisha akakaa kimya dakika arobaini, mikono mapajani, huyo amesema uongo au hajasema?

Bi. Subilaga Mwambene hakuwa amelifikiria jambo hilo mpaka asubuhi ile ya mvua, hapo Tukuyu, alipokwenda Nyumba ya Mifumo kulijaribu toleo la nane. Alifika saa mbili kasorobo. Akakung'uta mwavuli mara tatu nje ya mlango kama kawaida yake, akapangusa viatu kwenye gunia, akaitikia shikamoo ya mlinzi. Alivaa gauni la kitenge lililopauka mabegani, sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe, na soksi jozi mbili, moja juu ya nyingine, kwa maana sakafu ya jengo lile ilikuwa na baridi ya kupanda mpaka magotini.

Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Sheria ilisema mfumo wowote utakaoingia majumbani na kwenye zahanati, ule unaowasha jiko, unaofungua mlango, unaokumbuka mtoto gani chanjo yake imepitiliza, sharti kwanza usakinishwe na mtu aliyeishia darasa la saba, aliyevuka miaka sitini, peke yake, bila kuelekezwa na yeyote. Akimaliza, mfumo unatoka. Akikwama, unarudi kwa waliouandika, na wana miezi mitatu ya kuurekebisha. Maoni yake hayakuhitajika.

"Wewe si wa kupenda wala kuchukia, mama," alikuwa ameambiwa siku ya kwanza, miaka kumi na minne iliyopita. "Wewe ni wa kupita au kukwama."

Na hakuwa amekwama hata mara moja. Matoleo saba yote aliyapita, na kila mara kwa dakika chache zaidi kuliko mara iliyotangulia. Wahandisi wa ghorofa ya juu wakampa jina la Bibi Endelea, kwa sababu ya kile kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Endelea" chini ya kila ukurasa. Jina lenyewe lilikuwa la mapenzi. Zamani alikuwa akilicheka.

*

Mhandisi hakuruhusiwa kusema na mjaribu siku ya jaribio. Lakini jengo zima lilikuwa na birika moja, na birika lilikuwa jikoni, kwa hiyo kila mtu alisema na kila mtu.

"Shikamoo, Bibi Endelea."

Alikuwa Gwakisa, mwanamume wa miaka arobaini na ushee, upara umeanza kumla kuanzia mbele, shati limefungwa vifungo kwa kuruka kimoja.

"Marahaba. Vifungo hivyo umefunga ukiwa usingizini?"

Gwakisa akajitazama kifuani, akacheka, asifungue. Akammiminia chai. Matone mawili yakaangukia kisahani.

"Mbona unamwaga chai?"

"Si kitu, Bibi. Ukurasa wa tisa ni wangu."

"Una nini huo ukurasa wa tisa?"

"Sitakiwi kusema."

"Basi usiseme."

Akasema. Watu wa aina yake hawawezi kunyamaza. "Printa. Tumerudisha printa. Yaani nimerudisha mimi, wakubwa wamekubali shingo upande."

Bi. Subilaga alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alilisikia neno lile, akangoja limfanye kitu. Halikumfanya kitu. Ndivyo alivyokuwa mwaka mzima sasa, kama mguu uliolaliwa vibaya: ukiubana unajua umebanwa, lakini maumivu hayaji.

"Nimetafuta printa za aina mia mbili na kumi na nne," Gwakisa aliendelea, macho yakimng'aa. "Makabatini, stoo, chini ya vitanda. Moja kule kijiji cha Masoko nilikuta kuku anatagia ndani. Mwenyewe akakataa kunipa mpaka vifaranga watoke."

"Ukangoja?"

"Wiki tatu! Na alivyotoka huyo kuku, printa ikafanya kazi. Inanuka, lakini inachapa."

Hapo akacheka kidogo, bibi naye, kwa mdomo tu.

"Tatizo ni uzito, Bibi. Kila printa ina lugha yake. Mfumo ukitaka kusema nayo sharti ubebe mkalimani. Wakalimani mia mbili na kumi na nne ni mzigo. Zile zahanati za juu mlimani zinapokea toleo kupitia mnara mmoja, tena ukungu ukishuka mnara wenyewe unasinzia. Nikiwatwisha mzigo wote, kupakua kutachukua siku mbili. Siku mbili friji ya chanjo haina wa kuiangalia. Unaona? Ndiyo maana nimewafunga wakalimani kwenye kifurushi cha pembeni. Anayetaka anaweka alama kwenye kisanduku, asiyetaka anapita."

"Na aliyepita, akija kutaka baadaye?"

Gwakisa akatazama ndani ya kikombe chake. "Baadaye haiwezekani. Mfumo ukishasakinishwa, mlango wa nyuma unafungwa kwa lakiri. Unaukumbuka mwaka ule wezi walipoingia majumbani kupitia printa? Tangu hapo. Atangoja toleo la tisa. Miaka miwili."

"Na kile kisanduku kinakuja na alama au bila alama?"

"Bila."

Mvua ilikuwa ikipiga bati la varanda. Bi. Subilaga akachovya kipande cha andazi kwenye chai, akakila polepole mpaka kikaisha.

"Nikuambie la mwisho nisiseme tena," Gwakisa akainama, sauti chini. "Wakubwa walishasema: ukurasa huu ukimkwamisha mtu, hawataurekebisha. Watauondoa. Toleo zima litachelewa miezi mitatu, na printa haitakuwemo."

"Sasa unaniambia ili iweje?"

"Ili nitulie, Bibi. Kwa sababu wewe hukwami." Akaokota vikombe vyote viwili. "Hukwami kamwe."

*

Toleo la saba alilipitisha kwa dakika kumi na nne. Ukurasa wake wa sita ulikuwa na sentensi moja tu: "Sehemu zisizotumika zitaondolewa." Sentensi safi, Kiswahili cha darasa la tatu. Aliielewa. Akabonyeza Endelea.

Hakuuliza ni sehemu zipi. Hakuwa na wa kumuuliza, na kuuliza hakukuwa kazi yake.

Wakati ule binti yake Atuganile alikuwa hai, yuko juu, kwenye Duara, ile karakana kubwa izungukayo dunia. Alikuwa fundi wa kuchomelea. Kila Jumapili kwa miaka tisa alimwandikia mama yake barua, ndefu, yenye habari ndogondogo: kwamba supu ya kule inanywewa kwa mrija; kwamba mwenzake wa kitanda cha juu anakoroma kwa Kireno; kwamba amejifunza kusuka nywele zake mwenyewe bila kioo, kwa sababu nywele zikiachwa huelea zikaingia puani. Barua zilishuka zikakaa kwenye mfumo wa nyumba. Bi. Subilaga alizisoma ukutani akichambua mchele, nyingine mara mbili, nyingine mpaka akazijua.

Halafu hewa ikatoka kwenye chumba cha tano cha Duara. Walikuwamo watu sita. Hakuna mwili ulioletwa.

Kumbukumbu za marehemu hukaa kwenye ghala la mfumo miezi sita, kisha hupukutishwa, yaani hufutwa, ili kupisha za walio hai. Bi. Subilaga alijua. Taarifa ilipomfikia, ikimpa siku thelathini, hakubabaika. Printa alikuwa nayo, chini ya kitambaa cheupe alichokifuma kwa kroshia, chenye maua ya njano pembeni. Karatasi alipewa na mwalimu mmoja mstaafu, boksi zima, kingo zimegeuka rangi ya chai. Akasema moyoni: kuchapa ni kazi ya siku moja. Akangoja mavuno ya chai yaishe, aifanye kwa nafasi, akiwa ameoga, nyumba imefagiwa, kama mtu anayepokea mgeni. Ikabaki siku moja na nusu.

Akatandua kitambaa. Akawasha. Taa ya kijani ikawaka. Ukutani pakaandikwa: "Kifaa hakitambuliki."

Akaizima, akaiwasha. Akaihamishia mezani. Akaihamishia kitandani, labda waya ni mfupi. Kifaa hakitambuliki. Akatafuta picha ya printa kwenye orodha ya mfumo, ile aliyokuwa akiiona miaka yote pembeni, haikuwapo. Akapiga barua picha kwa kamera ya nyumba. Kamera ni ya mfumo uleule, picha ikaenda ghala lilelile. Mwishowe akachukua kalamu. Alikuwa na mwandiko mzuri lakini wa taratibu. Kesho yake saa sita mchana ukuta ulipokuwa mweupe, alikuwa amenakili barua nne na nusu, na ile nusu iliishia kwenye neno "halafu".

Alitoa machozi? Hakutoa. Alikunja kitambaa mara nne akakiweka kabatini.

Wiki hiyohiyo jirani yake, Mama Lwitiko, alikuja kulia sebuleni kwake. Naye alikuwa amepotelewa na sauti ya marehemu mumewe, zile salamu alizokuwa akimwachia kila akisafiri, kwa kuwa toleo la saba liliondoa pia njia ya kuzihamisha. "Yupo mtu aliyepitisha kitu hiki!" alisema Mama Lwitiko, akijipiga paja. "Yupo mtu alikaa akasema sawa. Huyo mtu mimi ningemwona tu uso wake. Uso tu!"

Bi. Subilaga akamwongezea sukari kwenye chai. Hakumwambia kitu, siku ile wala siku nyingine.

*

Chumba cha jaribio kilikuwa kidogo, kimepakwa rangi ya maziwa. Meza, kiti chenye mto, skrini, saa ya ukutani yenye tarakimu nyekundu. Upande mmoja kioo kikubwa, na nyuma ya kioo, Gwakisa amesimama na wenzake wawili. Kwenye kona aliketi msimamizi, Bi. Nsia, mama wa makamo kutoka Machame, miwani ya kamba, fomu mapajani. Alikuwa amemsimamia tangu toleo la tatu, na hawakuwahi kuzungumza zaidi ya habari za baridi.

"Uko tayari, Bibi Subilaga?"

"Niko tayari, mwanangu."

"Ukikaa dakika arobaini bila kugusa kitu, naandika umekwama. Unajua."

"Najua."

Ukurasa wa kwanza ulimkaribisha. Endelea. Wa pili uliuliza lugha. Wa tatu, nyumba ina watu wangapi, akajibu mmoja. Wa nne, jiko la aina gani. Kidole chake kilikwenda chenyewe, kama kinavyokwenda kwenye chai shambani, majani mawili na kichomozo, majani mawili na kichomozo, bila macho kuhitajika. Wa tano, wa sita, wa saba. Wa nane ulikuwa wa mlango. Dakika sita na nusu zilikuwa zimepita. Nyuma ya kioo mmoja alimwonyesha mwenzake saa, wakatabasamu.

Ukurasa wa tisa ukafunguka.

"Msaada wa printa (si lazima). Weka alama kwenye kisanduku ukitaka nyumba hii iweze kuchapa kwenye karatasi. Usipoweka sasa, hautaweza kuongezwa baada ya kusakinisha."

Kisanduku kidogo, kitupu. Chini yake kitufe kile kikubwa cha kijani.

Alisoma mara moja. Hakukuwa na neno la kumshinda. Gwakisa alikuwa ameandika vizuri, hata alama za vituo ziko mahali pake. Kidole kilishafika nusu ya njia kwenda kwenye kijani, akakiona kinavyokwenda, akashangaa kidogo, kama unavyoshangaa kumkuta ng'ombe wako barabarani. Akakirudisha. Akaweka mikono mapajani.

Hakupanga hivyo. Hakuna aliyemwona akipanga, na yeye mwenyewe hakujiona.

Dakika ya kumi, alikuwa akifikiria zahanati za mlimani. Walikuwa wakilisubiri toleo hili; la saba lilikuwa linachanganya majira ya friji, na wauguzi wanaamka kila saa kusoma joto kwa macho. Miezi mitatu zaidi ya kuamka. Hao nao ni watoto wa watu.

Dakika ya kumi na tano, alifikiria kuweka alama kwenye kisanduku, apite zake. Angepita salama. Nyumba yake ingepata printa, na hana tena cha kuchapa. Na kule nje, mtu wa kawaida, mwenye ugali jikoni na mtoto mgongoni, angesoma "si lazima", na mtu anayeambiwa si lazima anapita. Angejuaje? Barua zake zinang'aa ukutani. Hakuna aliyewahi kumpukutishia mtu wake.

Dakika ya ishirini, kalamu ya Bi. Nsia ilianguka. Akaiokota. Sauti ya kalamu ikakaa chumbani muda mrefu.

Nyuma ya kioo hapakuwa na tabasamu tena. Gwakisa alikuwa ameweka viganja viwili kwenye kioo, midomo inachezacheza bila sauti. *Bibi. Bibi, tafadhali.* Kifungo kile bado kilikuwa kimeruka. Bi. Subilaga alimtazama mtu aliyengoja vifaranga wiki tatu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kitu kikamchoma, kidogo, ncha ya sindano, chini ya titi la kushoto. Alijua anamwangusha. Wataung'oa ukurasa wake, na aliyeuandika ndiye mtu pekee kwenye jengo lile aliyejali.

Akiupitisha, utatoka kama ulivyo, mlango mwembamba ambao wengi wataupita bila kuuona. Asipoupitisha, huenda pasiwe na mlango kabisa.

Dakika ya thelathini na moja. "Bibi, unajisikia vizuri?" Hilo tu ndilo msimamizi aliloruhusiwa kuuliza.

"Miguu ina baridi. Vingine sawa."

Mvua ikapungua, ikarudi. Dakika ya thelathini na nane alinyoosha kitenge magotini. Kisha kengele ikalia, fupi, kama ya baiskeli, sauti ambayo hakuwa amewahi kuisikia mle ndani kwa miaka kumi na minne.

Bi. Nsia akavua miwani, akaivaa tena. Akafunua fomu mpaka nyuma, kurasa zilizokuwa bado zimegandana kwa upya. Akazitenganisha kwa ukucha.

"Sehemu hii hatujawahi kuifikia mimi na wewe," alisema. "Kanuni ni kwamba utakalosema naliandika kama lilivyo. Hakuna anayeruhusiwa kulikata wala kulinyoosha. Waliouandika mfumo watalijibu kwa maandishi kabla toleo halijatoka. Lakini Bibi, siwezi kukuahidi watajibu nini."

"Nimekuelewa."

"Swali la kwanza." Akasoma polepole. "Je, maneno ya ukurasa uliyaelewa?"

Hapa ndipo palipokuwa na uongo, kama alikuwa anautaka. Neno moja tu: hapana. Angesema hapana, jambo lingekuwa la macho ya uzee, au la herufi ndogo, hakuna wa kumuuliza zaidi. Hata Gwakisa angepumua. Angeambiwa akuze maandishi, huenda wakamwonea huruma.

"Niliyaelewa," alisema.

Kalamu ya Bi. Nsia ikasimama. "Yote?"

"Yote. Yameandikwa vizuri sana. Aliyeyaandika apewe hongera yake."

"Nikiandika hivyo, Bibi, huo si mkwamo. Utakuwa ni… mimi sijui nitauita nini. Wanaweza kusema hufai tena kwa kazi hii."

"Na mimi sifai. Nimeshazijua njia zote. Kidole kinakwenda peke yake. La saba nalo nililielewa, mwanangu, nikalipitisha kwa dakika kumi na nne. Andika na hilo."

Bi. Nsia akaandika. Aliandika muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Nyuma ya kioo Gwakisa alikuwa ameketi chini, unaona utosi wake tu.

"Swali la pili ndilo la mwisho." Sauti ya msimamizi ilikuwa imeshuka, kama mtu anayesema na mgonjwa. "Katika ukurasa huu, mtumiaji alitaka nini kitokee?"

Bi. Subilaga akatazama skrini.  Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Si Mama Lwitiko, si mchungaji aliyekuja kuomba, si wale mabwana wa Duara walioleta bendera na cheti.

"Ukurasa uniulize kwanza kama kuna mtu wangu humo ndani," alisema. "Kabla ya kunieleza si lazima. Uniulize: mama, yuko nani? Nimtaje jina."

"Nimeandika. Ni hilo tu?"

"Si hilo." Akavuta pumzi, na pumzi ikaingia mpaka chini, ikauma kila ilipopita. "Mimi nilitaka barua za Atuganile. Kwenye karatasi. Nilitaka nizishike, zote, hata ile aliyonigombeza kwamba simjibu upesi. Ile ndiyo nilikuwa naitaka zaidi."